Fundi Baiskeli na Kiti cha Mama

Fundi alikuwa na mdomo wa chini wa kazi. Wenzake hutumia midomo kula na kusengenya. Yeye wake aliutumia kutafuta matundu. Alijaza tyubu upepo, akaulamba mdomo wa chini ukawa mbichi, kisha akaizungusha ile tyubu polepole mbele ya uso wake, macho kayafumba. Upepo ukipita, hata ule mwembamba usiosikika, mdomo ulipata baridi naye akaganda hapo hapo. "Huyu hapa," alisema, kama askari aliyemkuta mwizi uvunguni. Beseni la maji alikuwa nalo miguuni, lakini alisema beseni ni la wateja, ili waone mapovu na waamini. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaamini zamani.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui. Sikuwahi kumuuliza, na hata ningemuuliza angenijibu kwa kutaka kujua mara ya mwisho nimetia mafuta lini kwenye mnyororo wangu. Namkumbuka wa miaka ile ya tisini, Makanyagio, mjini Mpanda, alipokuwa na kibanda cha bati moja na nusu kando ya barabara, karibu na nyumba yangu. Mimi nilikuwa tabibu msaidizi katika zahanati. Mtaa mzima uliniita Dokta, na nakiri kwamba sikujihangaisha kuwasahihisha. Yeye tulimwita Fundi, basi. Mafundi wengine walikuwa na majina baada ya neno hilo, fundi fulani na fundi fulani. Wa kwetu hakuhitaji nyongeza.

Ukimpelekea baiskeli hakuigusa. "Panda kwanza," alisema. "Nenda mpaka pale dukani, urudi, upite mbele yangu."

"Fundi, tairi halina upepo, nipande vipi?"

"Panda hivyo hivyo. Simwangalii tairi mimi, namwangalia mpandaji."

Wapo waliokasirika na kwenda kwa mafundi wengine. Wengi wao walirudi baada ya siku tatu na tundu lile lile. Fundi aliamini kwamba kila tundu lina mtu wake: jinsi anavyokaa, anachobeba, njia anayopita, uongo anaojidanganya nao kuhusu uzito wa mizigo yake. Mtu aliyeleta baiskeli ameshaifungua mwenyewe, tyubu mkononi na spana mfukoni, alifukuzwa kwa maneno makali. "Umeshamchana tumbo ndio unaniletea nimuulize anaumwa wapi?" Nilikuwa napita siku moja aliposema hivyo, nikacheka sana. Sikujua kwamba maneno hayo yangenirudia.

Kulikuwa na Msukuma mmoja wa Magamba, mfugaji, aliyeleta maziwa mjini kila asubuhi. Tairi lake la nyuma lilipata pancha mara tatu kwa wiki moja. Fundi akampandisha, akampitisha mbele yake, akasema: "Dumu lako liko upande mmoja. Rimu inapinda, spoku inachoma tyubu kwa ndani. Weka dumu la pili upande wa pili." Mfugaji akasema hana maziwa ya madumu mawili. "Basi jaza maji," Fundi akasema, akaziba tundu, akageukia mteja mwingine. Pancha zikaisha kabisa. Lakini haikupita wiki mji mzima ukawa unasema kwamba yule Msukuma anaingia mjini na dumu la maziwa na dumu la maji, na kila mtu akajua la pili ni la nini. Wateja wakamkimbia. Fundi alifunga kibanda asubuhi nzima, akatembea naye mlango kwa mlango akieleza habari za rimu na spoku kwa akina mama waliokuwa na haraka zao. Hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakupenda kutembea. Lakini alisema pancha ilikuwa ya mfugaji na aibu ilikuwa ya fundi, na kila mtu azibe ya kwake.

Msimfikirie mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu, na salamu yake ilibidi uisubiri mpaka amalize kukaza nati. Kwenye kwaya ya kanisani aliimba sauti ya nne, na kwa kuwa sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, aliumaliza wimbo wowote baada ya wenzake. Na huyo aliyekamata kila tundu la Makanyagio, nyumba yake ilivuja. Wakati wa masika mkewe alitandaza sufuria sakafuni, na ukienda kumtembelea ulionyeshwa pa kukaa kwa kuelekezwa pasipodondoka. Nilimtania. Akanijibu bila kuinua macho: "Maji ya juu siyo fani yangu, Dokta."

Magari aliyadharau. Alisema gari ni baiskeli ya mvivu. Ukweli ni kwamba alitapika kila alipopanda, na alishatapika ndani ya magari ya watu wazito. Kwa hiyo lilipoanza tatizo la gari langu, mtu wa mwisho ambaye ningemfikiria ni yeye.

Lilikuwa basi dogo la viti tisa, kuukuu, la kaka yangu wa Dar es Salaam. Alilichoka akaniachia mimi, likafika Mpanda kwa treni ya mizigo likiwa limefungwa minyororo kama mfungwa. Lilitupeleka kanisani, lilibeba mpunga wakati wa mavuno, lilibeba wagonjwa na maharusi. Viti vya nyuma kabisa vilikuwa vya mama yangu mzazi. Mama alikuwa amepita miaka sabini. Nilimleta kutoka Mpimbwe baada ya baba kufariki, akakaa nasi na kuitawala nyumba kwa upole ambao haukupingika.

Gari likaanza kupoteza maji. Mwendo wa saa moja tu, rejeta ilidai nusu ya dumu dogo. Tulisafiri na maji kama tunaokwenda jangwani. Na ajabu ni hii: chini halikudondosha hata tone. Niliegesha juu ya mchanga mkavu, nikainama asubuhi kutazama, mchanga ukabaki mkavu. Fundi gereji wa kwanza akabadilisha mipira ya juu na ya chini. Wa pili akasikiliza injini huku ameinamisha kichwa, akatoa hukumu kwamba gasketi imekwisha na maji yanaliwa na injini yenyewe. Nikakubali. Maneno yale yalikuwa na sauti ya kitaalamu, nami ni mtu wa kuheshimu utaalamu.

Wakati huo huo kapeti ya gari ilianza kulowa. Ililowa mahali pamoja tu, chini ya kiti cha mama. Tukirudi kutoka kanisani hapo hapana pakavu, na ikikaa siku mbili inatoa harufu mbaya ya uvundo.

Hapa naandika jambo ambalo bado linaniunguza. Mimi ni mtu wa tiba. Nilijua umri wa mama, nilijua amezaa watoto wanane, nilijua miili ya wanawake wa umri ule inavyoacha kutii. Nikaunganisha dalili na nikapata jibu. Sikumuuliza, maana nilijua. Nilimweleza mke wangu kwa sauti ya chini, naye akaanza kufua ile kapeti kimyakimya, na watoto, ambao hawajui kunong'ona, wakaanza kugombania wasikae karibu na bibi. Jumapili moja nikachukua kipande cha nailoni, ile nzito tunayotandika kwenye vitanda vya zahanati, nikakiweka juu ya kiti chake chini ya kitambaa. Niliona nimefanya kwa upendo.

Mama akapanda, akakaa. Nailoni ikatoa mchakacho. Akanitazama mara moja kupitia kile kioo cha juu cha dereva, nami nikatazama barabara.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kwa miguu. Iliyofuata hakwenda. Akaacha kunywa chai asubuhi, akapungua, kanga zikamzidi. Na wakati huo kulikuwa kumebaki wiki mbili tu mpwa wangu apewe upadre kule kwao Mpimbwe: mtoto wa dada yangu mkubwa, mjukuu aliyelelewa mgongoni kwa mama. Tangu yule kijana aingie seminari, mama alikuwa akihesabu miaka kwa ajili ya siku hiyo moja. Nikamwambia tujiandae kwa safari. Akaendelea kuchambua mchele.

"Nyie nendeni," alisema. "Mimi nitamwombea hapa hapa. Mungu hana gari."

Nilijua ni kwa nini, na sikuwa na ujasiri wa kulisema. Nilikwenda nje, nikafungua rejeta, nikamimina maji kwa hasira.

Fundi alikuwa kibandani kwake, ng'ambo ya barabara, anakunja spoku. "Dokta," akaita, "kila siku nakuona unalinywesha hilo dude. Linakojoa wapi?"

"Halikojoi. Chini pakavu."

"Kinachokunywa kinakojoa. Tafuta wapi."

"Ni gasketi, Fundi. Injini inayala."

Akatema mate pembeni. "Umeiona ikila?"

Nikacheka kicheko cha mtu mwenye gari mbele ya mtu wa baiskeli. Lakini usiku kucha lile swali halikuniacha, maana lilikuwa swali lenyewe ambalo sikumuuliza mama yangu: umeona?

Jumamosi asubuhi Fundi alikuja bila kuitwa. Alibeba pampu yake ndefu ya kukanyagia, na kifuniko kikuukuu cha rejeta alichookota kwenye vyuma chakavu vya gereji. Katikati ya kifuniko alikuwa ametoboa, akalehemu valvu ya tyubu ya baiskeli. Nikaelewa anachotaka kufanya, na nikaona ama ni kichaa ama ni jambo la akili kuliko yote niliyoyaona mwaka ule: alitaka kulijaza upepo gari zima kama tairi.

Lakini kwanza hakugusa chochote. "Leo tufanye ni Jumapili," akasema. "Kila mtu apande akae kiti chake."

Watoto wakapanda kwa shangwe. Mke wangu akapanda. Mimi nikashika usukani, najisikia mjinga, gari limezimwa uani na kuku wanapita. Fundi akazunguka, akachungulia kila dirisha, akamtazama kila mmoja kama anavyowatazama wapandaji wake. Akafika nyuma.

"Hapa anakaa nani?"

Mke wangu akaangalia mikono yake.

"Mama," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Jikoni. Hataki kupanda gari siku hizi."

Fundi akaingiza mkono, akapapasa kiti, akaitoa ile nailoni. Akaigeuza huku na huku, akaigusa kwa kiganja. Akaishika kapeti. "Nailoni kavu," akasema. "Kapeti mbichi. Na mwenye kiti hapandi siku hizi. Dokta, wewe hukushangaa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshajitengenezea jibu, kwamba maji hushuka na kapeti huchelewa kukauka. Nikaona haya kulitoa.

Akavua kofia, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya nje ya kanisa, akaenda jikoni. Mimi nikamfuata nikasimama mlangoni. Akamwamkia mama kwa Kipimbwe, Kipimbwe kibovu mno, mpaka mama akashindwa kuvumilia akamsahihisha. Akarudia, akakosea tena. Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya majuma kadhaa.

"Mama," Fundi akasema, akachuchumaa karibu na jiko, "ukikaa kwenye kile kiti, miguu inasemaje?"

Mama akaitazama miguu yake. Kisha akasema taratibu: "Inaungua."

"Inaungua wapi?"

"Visigino. Kama nimelipa jiko kisogo. Halafu kitenge kinalowa."

"Kinalowa wapi, juu ama chini?"

"Chini, kwenye pindo. Juu kukavu." Akaniona mlangoni, lakini hakuacha. "Maji ya moto. Yananukia kutu."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza?" Akageuza sufuria iliyokuwa haihitaji kugeuzwa. "Mzee akisema siyo mimi, hapo ndipo watu wanajua ni yeye. Nikanyamaza. Mwishowe hata mwenyewe nikaanza kujishuku, baba. Usiku naamka napapasa kitanda."

Kitanda kilikuwa kikavu, kila usiku. Fundi akanigeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Dokta," akasema, "umemsikia mgonjwa?"

Tukarudi uani. Watoto wakashushwa. Akafungua maji ya rejeta yakamwagika yote, akakaza kile kifuniko chake, akanikabidhi pampu. "Kwanza upepo," akasema, "kwa ajili yangu. Wewe pampu, wengine kimya." Mke wangu akazima redio, akafukuza kuku. Majirani waliokuwa wamesimama barabarani wakaingia mpaka uani, na mimi tabibu msaidizi nikapampu mpaka shati likanishika mgongoni.

Fundi alilala kifudifudi kwenye sakafu ya gari. Akaulamba mdomo wa chini. Akaanza chini ya kiti cha dereva, akarudi nyuma taratibu kwa viwiko, kiti kwa kiti, uso wake karibu kugusa kapeti, macho kayafumba. Kiti cha mke wangu, hakuna. Viti vya watoto, hakuna. Akafika nyuma kabisa. Akaganda.

"Huyu hapa," akasema.

Nilitaka kupiga kelele, lakini akainua kidole. "Bado. Sasa maji, kwa ajili ya wateja. Mama Neema, nipe kitambaa cheupe. Cheupe kabisa."

Mke wangu akaleta foronya mpya, ya wageni. Fundi akaitandika kwenye sakafu chini ya kiti cha mama, akaikunjua vizuri kama kitambaa cha altare. Tukajaza rejeta maji. Akawaita majirani wote wasogee mlango wa nyuma, mpaka yule mama muuza maandazi ambaye ulimi wake ulitangaza habari kabla ya redio. Hasa yeye. Nikashika tena pampu.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha doa likatokea, dogo, la rangi ya chai. Likakua likawa kama sahani. Likachirizika.

"Nani kakaa hapa?" Fundi akauliza kwa sauti.

"Hakuna mtu," watu wakajibu.

"Sijasikia. Sikio langu moja bovu. Nani kakaa hapa?"

"Hakuna mtu!"

"Mmeona wote?"

"Tumeona!"

Na hapo, nyuma yetu, kikapaa kigelegele. Kirefu, chembamba, cha harusi. Tukageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, anajipigia kigelegele mwenyewe. Muuza maandazi akamwitikia, kisha mke wangu, kisha ua mzima. Mimi nilikuwa bado nimeshika pampu, nalia mbele za watu, na sijali.

Tulifungua kiti. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha bati, ukubwa wa boksi la viatu, na mabomba mawili yaliyotoka kwenye injini yakapita chini ya sakafu mpaka huko nyuma. Fundi alikitazama kwa muda mrefu. Kwa baiskeli angejua. Kwa gari alikuwa mgeni kama sisi. "Hiki ni nini?" akauliza. Hakuna aliyejua. Mafundi gereji wawili wamelikagua gari lile na hakuna aliyefikiria kufungua kiti.

Mama akasogea, akainama, akaweka kiganja juu ya kile kisanduku. "Ni jiko," akasema. "Ni jiko la kuotea."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakainama nao kutazama, maana ilikuwa kweli. Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na maji ya moto ya injini yalipelekwa nyuma kuwapasha joto abiria. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitufe chenye maandishi tusiyoyajua, watoto walikibonyeza zamani kwa mchezo, na tangu hapo tulikuwa tunaota moto bila kujua, katika mji ambao Oktoba hata mijusi hutafuta kivuli. Ungepulizwa hewa ya moto Mpanda ungejuaje kama inatoka kwenye gari? Sisi wote tulidhani ni hali ya hewa.

Fundi aliyakata yale mabomba huko mbele, akayaunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira na klipu mbili, juu akazungushia ukanda wa tyubu. Nikapampu mara ya mwisho. Foronya ya pili, kavu. Kile kisanduku mama alikiomba. Akakiweka nyuma ya nyumba, kuku wakatagia humo.

Nilimwomba radhi jioni ile ile. Nilipiga magoti, nikiwa na miaka thelathini na nane. Mama aliniacha nikae pale chini muda wa kutosha, kisha akasema, "Inuka. Lakini ile nailoni usiitupe, nitaitumia." Na akatoa amri kwamba Fundi lazima aje Mpimbwe.

Alikuja kwa sababu hakuna aliyewahi kumkatalia mama. Alikaa naye kiti cha nyuma. Tulipoingia kwenye hifadhi ya wanyama iliyo njiani tukafunga vioo ili wale nzi wa ndorobo wasituume, na kabla hatujaumaliza msitu, Fundi, shujaa wetu, akaanza kutapika. Mama alimshikia nailoni. Alimpapasa mgongo akisema "pole baba, pole," na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kuicheka. Kila tuliposimama, yeye mama alishuka akanywa maji. Alikunywa mbele yetu, kikombe kizima, akaomba kingine. Alikunywa kama mtu anayelipa kisasi. Tulipofika, ndugu wakatuzunguka, mama akashuka wa kwanza, akakung'uta kitenge chake kipya na akageuka taratibu mbele ya ukoo mzima, mara moja, kamili, ili asiwepo wa kukosa kuona. Nikafungua rejeta. Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Kesho yake yule padre mpya alipotoa baraka zake za kwanza, mikono yake ilianzia kichwani kwa mama.

Mara ya mwisho kumhudumia Fundi ilikuwa miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa siku kadhaa, nami kwa shughuli nyingi sikuuliza. Asubuhi moja nikamwona kwenye foleni ya zahanati. Alikuwa ameisukuma baiskeli yake kwa mkono, mtu ambaye hata chooni angeenda amepanda kama ingewezekana. Alipoingia chumbani kwangu hakukaa. Nilimwonyesha kiti, akakitazama kile kiti, akabaki amesimama.

"Dokta, niandikie dawa yoyote," akasema. "Uzee umefika. Nalowa."

Alilisema hilo neno huku akitazama ukuta. Nilikuwa na kalamu mkononi. Umri ule, mwanaume, mkojo unaomshinda: jibu lilikuwa tayari limekaa kwenye ncha ya kalamu, na nje kulikuwa na wagonjwa thelathini. Nikaiweka kalamu chini. Niliinuka, nikafunga mlango.

"Nani kasema ni uzee?"

"Nani mwingine?"

"Kaa, Fundi. Kiti hiki kimeona mengi." Akakaa ukingoni. Nami nikachuchumaa mbele yake, kama nilivyomwona yeye akichuchumaa karibu na jiko la mama. "Panda kwanza," nikamwambia. "Nipitie mbele. Umeanza lini? Unaunguza? Rangi gani?"

Akanitazama, na nikaona ameyatambua maneno yake. Akaanza kusimulia. Alisimulia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza. Unaunguza, ndiyo. Mwishoni unakuja na damu kidogo, hilo hata mkewe hakumwambia. Ulianza baada ya mavuno.

"Mavuno gani? Wewe unalima lini?"

"Nimekodi kijaruba Ilembo, cha mpunga. Misimu miwili sasa."

"Na miguu, Fundi? Miguu inakaa wapi?"

"Majini," akasema. "Asubuhi mpaka saa nane."

Tukapima. Kwenye kioo cha darubini yalikuwepo, mayai ya kichocho, yenye mwiba wake mmoja, wazi kabisa. Nilimwita aje aone mwenyewe. Alifumba jicho moja, akachungulia muda mrefu.

"Huyu hapa," akasema kwa sauti ndogo.

"Siyo uzee," nikamwambia. "Ni maji ya chini. Hayo yalikuwa fani yako." Hapo akacheka mpaka akashika meza. Nilimpa vidonge, nikamkataza kuingia jarubani miguu mitupu, nikamwambia arudi tupime tena.

Alirudi wiki kadhaa baadaye, nilipokuwa nimesimama barazani natafuta mgonjwa anayefuata. Hakuingia. Alikuwa juu ya baiskeli. Alipita mbele ya zahanati akaenda mpaka kwenye kona, akageuza, akapita tena, mgongo umenyooka, suruali yake ya kaki safi na kavu. Mara ya tatu akapunguza mwendo usawa wangu, mbele ya benchi zima la wagonjwa.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, Fundi."

Akageuza sikio lake zima kwangu. "Sijasikia."

"Nimeona!" nikapaza sauti, na wagonjwa, bila kujua ni nini, wakaitikia nao kwamba wameona. Akapiga kengele mara moja, akaenda kufungua kibanda.